Hesabu ya Tajiri Haijui Foleni

Dereva wa daladala jijini Dar es Salaam huianza siku akiwa na deni. Gari likitoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, kabla abiria wa kwanza hajakaa, tayari inamngoja hesabu ya tajiri, yaani kiwango cha kila siku cha mwenye gari, na nyuma yake mafuta. Kitakachobaki ndicho atakachogawana na konda. Kisipobaki, hesabu iko palepale.

Wengi wakisimulia vurugu za daladala husema madereva ni wahuni. Nadhani tungeanza na mfumo wa malipo. Tajiri, tumtendee haki, hubeba gharama ya gari, bima na matengenezo makubwa. Lakini mvua ikijaza maji Jangwani au foleni ikigoma kusogea Tazara, kiwango chake hakishuki. Hasara ya siku humwangukia aliyeshika usukani, naye huifidia kwa njia alizonazo: kukimbiza gari, kukatisha ruti, kula saa kumi jioni.

Chukua suala la wanafunzi. Kwa nauli zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, Desemba 2023, mtu mzima hulipa shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, mwanafunzi 200. Wanafunzi watatu ni sawa na mtu mzima mmoja. Konda akiwazuia mlangoni gari zima humsema, na pengine anastahili, ila punguzo lile linatoka mfukoni mwake na mwa dereva. Au chukua trafiki: faini ya kosa moja ni 30,000, yaani nauli 50 za watu wazima. Coaster haina viti hivyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Aliyeingia barabarani saa kumi na moja alfajiri anazimaliza saa nane mchana, wakati abiria wa jioni, wenye pesa yenyewe, hawajatoka hata kazini. Mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai ya madereva walipogoma Aprili 2015. Mwaka uliofuata mabasi ya mwendokasi yakaanza Barabara ya Morogoro, yakiwa na njia yao na madereva wa mshahara. Daladala za barabara ile zikahamishiwa ruti nyingine kugombea abiria na waliokuwapo.

Mwili nao una hesabu yake. Mwaka 1953 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Jerry Morris na wenzake kuhusu mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa kutwa, waliugua moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Konda wetu hana ngazi, ananing'inia mlangoni. Dereva wake anakaa vilevile, juu ya joto la injini, mkono kwenye honi.

Pumziko lake ni deiwaka, dereva asiye na gari anayeshinda kituoni akisubiri kupewa tripu mbili tatu mchana ili mwenzake alale kidogo kiti cha nyuma. Halipwi na tajiri, na mara nyingi tajiri hata hamjui. Malipo yake hukatwa kwenye kilekile kinachobaki baada ya hesabu na mafuta.