Munigi: Anayetumia simu ndiye anayejua programu inakwama wapi

Huko Munigi, kilometa chache kaskazini mwa Goma kwenye barabara ya Rutshuru, simu imegeuka benki. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa AFC/M23, familia nyingi zinategemea M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ukikosea tarakimu moja, pesa ya chakula inakwenda kwa mtu usiyemjua.

Kuna watu ambao kazi yao ni kupunguza makosa ya namna hiyo. Ni wabunifu wanaopanga kitu gani kionekane kwanza kwenye simu, neno gani litumike, na mtu aulizwe nini kabla pesa haijaondoka. Wengi wanafanya kazi mbali na Kivu. Watajuaje shida ya mama anayeazima simu ya jirani, au ya mzee asiyesoma Kifaransa? Njia moja ni mtumiaji mwenyewe kuandika.

Mfano upo Kenya. Mwanzoni mwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiomba wataalamu watengeneze ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea. Wanablogu na watengeneza programu waliitikia, wakiwemo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Katika siku chache Ushahidi ikazaliwa. Mwaka 2010, Hersman alianzisha iHub jijini Nairobi, mahali pa kukutana kwa watu wa teknolojia. Baadaye hapo pakawa na maabara ya kupima jinsi watu wanavyotumia programu.

Kisa hicho kinagusa Munigi pia. Novemba 2008, wapiganaji wa CNDP walipokaribia Goma na maelfu ya watu kukimbilia Kibati, jirani na Munigi, Ushahidi ilifunguliwa kwa ajili ya mashariki ya Kongo. Chombo kilivuka mpaka, lakini kikakutana na maswali ya hapa: lugha ipi itumike? Simu iko mikononi mwa nani? Anayetuma ujumbe atabaki salama? Wenye kuyajua majibu ni watu wa hapa.

Hata M-Pesa ilijifunza kwa watumiaji. Ilipojaribiwa Kenya kuanzia 2005, ilikusudiwa kulipia mikopo midogo. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa, na hiyo ndiyo huduma iliyozinduliwa Machi 2007.

Kijana wa Munigi anayetaka kusikilizwa na wabunifu hahitaji diploma ya kompyuta. Aandike jambo moja kwa wazi: simu ya aina gani, hatua ipi ilimkwamisha mtu, alielewa nini aliposoma neno lile, kisha nini kikatokea. Aandike kwa Kiswahili cha hapa, na kwa kifupi katika Kifaransa ili wa mbali wasome. Asitaje jina, namba ya simu wala namba ya siri ya mtu. Mbunifu akijibu kwa swali, amrudie mtumiaji, aulize tena, aandike tena. Undugu wa kazi hujengwa hivyo.

Shida isiyoandikwa haimfikii mbunifu, na wanaoendelea kuilipia ni wenye pesa kidogo.