Dawa za ADHD zisizochangamsha: Upole wake usimlaze mzazi usingizi

Mwezi mtukufu wa Ramadhani unapokaribia, ratiba za nyumba zetu hubadilika. Chakula cha mchana huhamia magharibi, na usingizi hukatwa na daku. Mama mwenye mtoto anayetumia dawa za ADHD hujikuta na swali zito: mtoto aliyeshikilia kufunga na wenzake, dawa yake ya asubuhi ataimeza saa ngapi? Wapo wazazi wanaoona jawabu ni jepesi: “Aiache mwezi huu, kwani hiyo si dawa kali.”

Ndugu msomaji, kauli hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya. Kwa baadhi ya dawa hizo, kuziacha ghafla kunaweza kuwa na hatari kubwa kuliko kuendelea kuzimeza.

ADHD ni hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kuzingatia au kujizuia kuliko ilivyo kawaida ya umri wake. Si utovu wa adabu, wala si ushahidi kwamba wazazi wameshindwa malezi. Dawa zake ni za makundi mawili. La kwanza ni la dawa za kuchangamsha ubongo, kama vile methilfenideti. La pili ni la dawa zisizochangamsha: atomoksetini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2002, viloksazini, iliyoidhinishwa huko mwaka 2021, pamoja na guanfasini na klonidini, ambazo asili yake ni dawa za kushusha shinikizo la damu.

Daktari huweza kuchagua kundi la pili pale dawa za kwanza zinapokosa kumsaidia mtoto, au zinapomnyima usingizi na hamu ya kula. Aidha, dawa hizi hazijulikani kwa kuleta uraibu. Hapo ndipo wengi wetu tunapohitimisha kwamba hazina madhara. La hasha.

Atomoksetini: ini na moyo wa huzuni

Mtoto anayeanza atomoksetini huweza kupata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, uchovu na kukosa hamu ya kula. Maudhi haya mara nyingi hupungua kadiri siku zinavyokwenda, na kumeza dawa pamoja na chakula husaidia. Mzazi aelewe pia kwamba nafuu yake haiji kwa siku mbili. Huchukua wiki kadhaa. Kapsuli zake zimezwe nzima, zisifunguliwe, kwani unga wake huwasha macho.

Yapo madhara adimu lakini mazito. Mwaka 2004 onyo liliongezwa kuhusu kuumia kwa ini. Dalili zake ni macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, ngozi kuwasha, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Mtoto akionyesha dalili hizo apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Mwaka 2005 likafuata onyo kubwa zaidi, kuhusu fikra za kujidhuru. Katika majaribio yaliyochambuliwa, watoto na vijana wapatao 4 kati ya kila 1,000 waliotumia dawa hiyo walipatwa na fikra hizo, na hakuna aliyepatwa nazo miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Viloksazini nayo ina onyo kama hilo. Kwa hiyo, katika miezi ya mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, mtazame mwanao. Akijitenga, akiwa mkali kuliko kawaida yake, au akizungumzia kifo, usimkemee kwamba ana upungufu wa imani. Mkalie karibu, umsikilize, na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Atomoksetini huweza pia kupandisha shinikizo la damu na kuongeza mapigo ya moyo. Mweleze daktari kama mtoto ana ugonjwa wa moyo, au kama katika ukoo yupo aliyefariki ghafla angali kijana. Mtajie na dawa nyingine zote anazotumia.

Guanfasini na klonidini: usiache ghafla

Dawa hizi mbili huelekea upande wa pili. Hushusha shinikizo la damu na kupunguza kasi ya moyo, hivyo mtoto husinzia, hupata kizunguzungu, na pengine huzimia anapoinuka kwa haraka. Kukosa maji mwilini huzidisha hatari hiyo, na hapa ndipo saumu ya mchana wa joto inapohusika.

Zikikatizwa ghafla, shinikizo la damu laweza kupanda kwa kasi na moyo kwenda mbio. Huachwa kwa kupunguzwa hatua kwa hatua chini ya usimamizi wa daktari. Hata mtoto anayetapika kila anachomeza yumo katika hatari hii. Usisubiri apone mwenyewe.

Vidonge vya guanfasini vya kutwa moja visisagwe wala kutafunwa, na visimezwe pamoja na chakula chenye mafuta mengi, kwani dawa huingia mwilini kwa wingi kupita kiasi. Basi futari ya sambusa na bajia si wakati wake. Nayo klonidini ifungiwe mbali na wadogo zake: hata vidonge vichache humlegeza mtoto mdogo, vikapunguza pumzi na mapigo ya moyo wake.

Kabla ya mwezi kuandama

Sheria yetu tukufu haikumfaradhishia saumu mtoto asiyebaleghe, na aliyebaleghe akiwa mgonjwa imempa ruhusa. Ikiwa afya inamruhusu kufunga, muone daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani. Huenda akahamishia dawa usiku au daku. Huenda akashauri mtoto asifunge. Kwa hukumu ya dini, muulize sheikh ukiwa na maelezo ya daktari mkononi.

Dawa hizi zimewatuliza watoto wengi wakasoma na kuishi vyema na wenzao. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya dini yetu, na kumlinda anayetibiwa ni katika amana ya mzazi. Mwenyezi Mungu awape watoto wetu shifaa, na sisi wazazi atupe subira. Amin.