Meseji Iliyofutwa Huenda Wapi?

Je, wajua kwamba kwenye laini za simu za zamani, kufuta meseji kulikuwa ni kubadili namba moja tu? Ndani ya kadi ya laini kuna faili dogo la meseji lililogawanywa katika nafasi za baiti 176 kila moja. Baiti ya kwanza ya kila nafasi ni alama ya hali: 1 maana yake meseji imesomwa, 3 haijasomwa, 5 imetumwa, 7 inasubiri kutumwa, na 0 ni kwamba nafasi iko wazi. Baiti 175 zinazofuata hubeba namba ya kituo cha meseji, namba ya aliyetuma, saa, na maneno yenyewe. Ukibonyeza "futa", simu nyingi za wakati ule ziliandika 0 pale mbele na kuishia hapo. Maneno hayakuguswa. Fundi mwenye kifaa cha kusomea laini aliweza kuichomoa kadi, kuiunganisha na kompyuta, na kuisoma meseji ambayo mwenyewe alishaisahau, alimradi meseji nyingine haijaandikwa juu yake.

Hizo zilikuwa zama za kitochi, ambacho Wakenya walikiita mulika mwizi. Nafasi zilikuwa chache, na zikijaa, kibahasha kilianza kupepesa juu ya kioo. Meseji mpya haikupotea. Ilizuiliwa kwenye kituo cha kampuni ya simu mpaka ufute moja ya zamani. Hapo simu yenyewe ikakiarifu kituo kwamba nafasi imepatikana, na ile iliyokuwa inasubiri ikaingia.

Kwenye simu janja meseji hazikai tena kwenye laini. Ndiyo maana ukihamishia laini yako kwenye simu mpya, namba inahama na salio linahama, lakini meseji zinabaki kwenye simu ya zamani. Zinakaa ndani ya hifadhidata, faili moja ambalo kwenye Android huitwa mmssms.db na kwenye iPhone sms.db. Yote mawili yanaendeshwa na programu moja, SQLite, iliyoandikwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000 alipokuwa akishughulikia programu za manowari ya Jeshi la Majini la nchi yake. Leo waandaaji wake wanakadiria kuwa hifadhidata za SQLite zinazotumika duniani zimepita trilioni moja. Kila mwenye simu janja anatembea nazo kadhaa mfukoni bila kujua.

Ukilifungua faili la Android utaona kila meseji imekaa kwenye safu yake: namba ya mwenzako, maneno, alama ya kusomwa au kutosomwa, na aina, ambapo 1 ni iliyoingia, 2 iliyotumwa na 3 ni rasimu. Muda hauandikwi kwa tarehe. Huandikwa kwa idadi ya milisekunde zilizopita tangu kuanza kwa Januari 1, 1970 kwa saa za Greenwich. Safu yenye 1700000000000, kwa mfano, ni meseji ya Novemba 15, 2023, saa 7 na dakika 13 usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Hata ukibadilisha saa ya simu leo, namba ile haibadiliki.

Sasa mtu anafuta. SQLite hugawa faili lake katika kurasa, na kwa kawaida ukurasa mmoja una baiti 4,096. Safu ikifutwa, programu haihangaiki kuusafisha ukurasa mzima. Huandika baiti 4 tu mwanzoni mwa eneo lile: mbili zinaonyesha eneo jingine lililo wazi liko wapi, na mbili zinataja ukubwa wa hili. Baiti hizo 4 mara nyingi huangukia kwenye utangulizi wa safu, wala si kwenye maneno. Ni kama mwenye nyumba aliyelifuta jina la mpangaji daftarini huku vyombo vya mpangaji bado vimo chumbani. Vitakaa humo mpaka aje mwingine avitoe. Tena, kabla mabadiliko hayajaingia kwenye faili kuu, huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, na humo pia sura ya zamani ya ukurasa, yenye meseji kamili, inaweza kubaki kwa muda. Kwa miaka mingi wachunguzi wa polisi na wataalamu wa kuokoa data walifanya kazi yao ndani ya mianya hiyo miwili.

Mianya hiyo imekuwa ikizibwa. SQLite ina mpangilio wa kuandika sifuri juu ya kila kinachofutwa, na watengenezaji wa mifumo ya simu wamezidi kuuwasha. Halafu kuna chipu yenyewe ya kuhifadhia. Chipu ya aina hii haiwezi kuandika juu ya kilichopo. Lazima ifute kwanza, na hufuta bloku nzima kwa mkupuo. Kwa hiyo simu huiambia chipu mapema maeneo ambayo hayahitajiki tena, ili iyasafishe wakati ina nafasi. Android imekuwa ikifanya usafi huo tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013, na hupendelea saa ambazo simu imetulia. Ukigundua leo jioni kwamba umefuta kitu, ukaiacha simu ikichaji mpaka asubuhi, usiku huo huo huenda ikakimaliza kabisa.

Lililobadilisha mambo kuliko yote ni usimbaji fiche. Android 7 ya mwaka 2016 ilileta utaratibu wa kufunga kila faili kwa ufunguo, na kuanzia Android 10 ya mwaka 2019 simu mpya hazikuruhusiwa kutoka kiwandani bila ulinzi huo. iPhone zilishafika huko mapema zaidi. Zamani fundi hodari aliweza kuing'oa chipu kwa joto, kuiweka kwenye mashine na kusoma kila kilichomo. Leo akifanya hivyo atapata baiti zote, lakini zimevurugwa zisisomeke, kwa sababu funguo zimefungamana na kichakataji cha simu ile ile na namba ya siri ya mwenyewe. Na ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, funguo ndizo zinazoharibiwa. Baada ya hapo hata maabara yenye vifaa vya kampuni kama Cellebrite ya Israeli haina cha kufungua.

Kufuli linalomzuia kibaka asisome maisha yako ndilo hilo hilo linalomzuia fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue kukurudishia meseji ya mwisho ya marehemu mama yako. Naandika haya nikijua yanauma. Hata hivyo naona tumepata zaidi ya tulichopoteza, maana simu siku hizi ndiyo pochi, ndiyo benki, ndiyo barua zote za mtu, na zinazoibwa ni nyingi.

Fundi akikwambia atairuti simu, yaani ajipe mamlaka kamili juu ya mfumo wake, ili aokoe meseji, muulize kwanza kama mlango wa kuanzishia mfumo (bootloader) umeshafunguliwa. Kwenye simu nyingi za Android, kuufungua mlango huo hufuta kila kitu kilichomo, meseji zikiwa za kwanza. Nimesikitika kila nilipomwona mtu akilipa pesa ili apoteze kile kile alichokuja kukiokoa.

Programu za bure zinazojitangaza kurudisha meseji ni hatari ya aina nyingine. Programu ya kawaida haina ruhusa ya kuligusa faili la hifadhidata. Inachoweza ni kuomba iorodheshewe meseji zilizopo, na iliyofutwa haimo kwenye orodha. Lakini ruhusa hiyo ya kusoma meseji inatosha kabisa kuona namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki, na kila muamala wako wa pesa za simu. Unaitafuta meseji moja, unazigawa zote.

Meseji nyingi zinazodhaniwa zimefutwa, kwa kweli hazijafutwa. Kwenye Google Messages, kutelezesha kidole juu ya mazungumzo kwa kawaida huyapeleka kwenye sehemu ya kumbukumbu, na watu wengi hufanya hivyo bila kukusudia. Namba iliyozuiwa, au iliyodhaniwa ya matapeli, meseji zake huenda kwenye sehemu ya taka. Simu nyingi za Samsung zina pipa linalotunza zilizofutwa kwa siku 30. iPhone zenye iOS 16 ya mwaka 2022 na kuendelea zina sehemu ya zilizofutwa karibuni, ambako meseji hukaa siku 30 na wakati mwingine mpaka 40. Android 11 na zilizofuata zina historia ya arifa, inayoonyesha vichwa vya arifa vya saa 24 zilizopita. Meseji fupi mara nyingi husomeka humo yote. Ila historia hiyo lazima iwe imewashwa kabla ya tukio.

Kutafuta nako kuna ufundi wake. Usitafute kwa jina la mtu, maana huenda siku ile namba yake ilikuwa haijahifadhiwa. Tafuta neno lisilo la kawaida lililokuwamo: jina la kijiji, kiasi cha pesa kama kilivyoandikwa na koma yake, jina la hospitali. Kisanduku cha kutafutia hupekua maneno ndani ya hifadhidata, na meseji ya miaka sita nyuma huja haraka sawa na ya jana.

Ikiwa kweli imefutwa na pipa ni tupu, tegemeo ni nakala rudufu, au bakapu kama tunavyosema mitaani. Android huweza kuhifadhi nakala ya meseji kwenye akaunti ya Google, lakini kwa kawaida hurudishwa wakati simu inaandaliwa upya. Kwa hiyo angalia kwanza tarehe ya nakala: ikiwa imehifadhiwa baada ya kufuta, kuisafisha simu ni hasara tupu. Simu isipotumika kwa siku 57, Google inaweza kuiondoa nakala yake, na hilo liwaguse hasa wale wanaotunza simu ya marehemu kabatini wakiamini kila kitu kiko salama huko mtandaoni. Kwenye iPhone, ukiwa umewasha kuoanisha meseji kupitia iCloud, kufuta kwenye simu hufuta pia kwenye iPad na kompyuta. Nakala iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ndiyo hubaki kama ilivyokuwa. Humo faili la meseji huwa na jina refu la herufi na tarakimu 40 linaloanza na 3d0d7e5f, nalo ndilo wataalamu hulikimbilia kwanza.

Na kuna nakala moja ambayo watu huisahau kabisa: ya mtu wa upande wa pili. Kila meseji iliyofika ina makazi mawili. Muulize dada, mchumba, mwenye nyumba, aliyekuuzia kiwanja. Kwa uzoefu wangu swali hilo limerudisha meseji nyingi kuliko kifaa chochote.

Kwa wengi wetu kinachotafutwa ni uthibitisho wa pesa. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, meseji imekuwa risiti ya watu ambao hawajawahi kupewa risiti ya karatasi. Hapa habari ni njema: meseji ni taarifa tu, muamala wenyewe umeandikwa kwenye mitambo ya kampuni, na mwenye laini anaweza kuomba taarifa ya miamala yake. Hata namba ya muamala ikiwa imeandikwa peke yake kwenye kikaratasi, ina mengi. Katika M-Pesa ya Kenya, herufi ya kwanza hufuata mwaka, ya pili mwezi, ya tatu siku. Mfano uliomo kwenye mwongozo wa Safaricom kwa waandaaji wa programu ni NLJ7RT61SV, muamala wa Desemba 19, 2019: N ni mwaka 2019, L ni herufi ya 12, hivyo mwezi wa 12, na J ni siku ya 19, kwa kuwa siku 1 hadi 9 huandikwa kwa tarakimu na A huanzia 10. Mwaka 2020 ukawa O, 2021 ukawa P, na kuendelea. Mwenye duka anayeonyeshwa meseji ya malipo "ya sasa hivi" anaweza kuigundua ya mwaka juzi kwa kuangalia alama tatu za mwanzo tu.

Kampuni ya simu, kwa upande wake, si ghala la maneno yako. Kituo chake hushikilia meseji mpaka ifike, na muda ambao meseji inaweza kupangiwa kusubiri una kikomo kilichowekwa na viwango vya kimataifa, majuma 63. Ikishafika huondolewa. Kinachobaki kwa kawaida ni rekodi ya nani alimtumia nani na saa ngapi, nayo hutolewa kwa taratibu za kisheria, si kwa kuomba dirishani.

Kama meseji itahitajika mahakamani, iache pale ilipo. Usiipeleke kwa mtu mwingine kisha ukaifuta, wala usiinakili kwa kuiandika upya. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama ipime jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyotumwa. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza namna nakala iliyochapishwa ilivyopatikana na kifaa ilikotoka. Mpelekee wakili simu yenyewe, ikiwa na laini yake na chaji.