Jibu la Damu Liwe na Jina Kamili

Ndugu wafanyakazi, jirani zetu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua thamani ya cheti cha maabara. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa hapo kiliwaachia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliurejesha uamuzi huo. Risasi mwilini haionekani kwa macho. Huonyeshwa na kupimwa damu.

Lakini cheti chaweza kupotosha bila mtu kukusudia. Maabara nyingine huhesabu risasi kwa maikrogramu katika desilita ya damu, nyingine kwa maikromoli katika lita. Tatu ya hesabu ya pili ni sawa na 62 ya ile ya kwanza. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1978 iliagiza mfanyakazi wa kiwanda anayefikia maikrogramu 60 aondolewe penye risasi, bila kupunguziwa mshahara, kwa muda wa hadi miezi 18. Sasa aliyeandikiwa "3" tupu, akaenda zahanati nyingine, huenda akaambiwa ni mzima, arudi kazini! Tena damu ya kidole yaweza kuchanganyika na vumbi la risasi lililo kwenye ngozi, hesabu ikazidi. Ya mshipa huaminika zaidi.

Ili kuondoa utata wa namna hii, mwaka 1994 Dakta Clement McDonald na wenzake wa Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, Marekani, walianzisha orodha ya majina ya vipimo iitwayo LOINC. Kila jina hueleza kitu kinachopimwa, namna ya kukihesabu, wakati, sampuli, aina ya jibu na, inapohitajika, njia iliyotumika. Kisha hupewa nambari. Risasi kwa uzito katika damu ya mshipa ni 77307-7. Katika damu ya kidole ni 10368-9. Orodha hiyo hutolewa bure, hivyo gharama ya kuipata si kisingizio.

Basi, iwe risasi kiwandani au dawa ya wadudu shambani, matawi yadai kila aliyepimwa apewe nakala yake, yenye tarehe, jina kamili la kipimo, sampuli na hesabu iliyotumika. Mwajiri akikuambia damu yako ni safi, mwulize: kwa hesabu ipi?