Siku Mbili Mji Mkongwe

Mji Mkongwe wa Zanzibar umekaa juu ya rasi iliyotokeza baharini upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja. Zamani rasi hiyo ilikaribia kuwa kisiwa chenyewe, kwa sababu mkono wa bahari ulioitwa Pwani Ndogo uliizunguka kwa nyuma na kuitenga na sehemu nyingine ya Unguja. Bahari ilipojaa, maji yalipanda hadi karibu na nyumba. Ilipokupwa, yalibaki matope na mashimo ya kaa. Upande wa pili wa maji ndiko Ng'ambo, na aliyetaka kuvuka alipita darajani au alipanda chombo.

Leo maji hayo hayapo tena. Waingereza walianza kuufukia mkono huo wa bahari katika karne ya 20, kipande baada ya kipande, hadi ukawa ardhi. Pale lilipokuwa daraja pana soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, na barabara pana iliyopita juu ya maji ya zamani sasa ina jina la Benjamin Mkapa. Viwanja vya Mnazi Mmoja navyo vimekaa mahali hapo hapo. Bamvua kubwa zimewahi kurudisha maji ya chumvi katika viwanja hivyo.

Mji unaojulikana zaidi duniani kwa kukaa juu ya maji ni Venice, kaskazini mwa Italia. Una visiwa 118 vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400, na ndani yake hakuna gari: mgonjwa hupelekwa hospitali kwa boti, taka hubebwa kwa boti, na maiti huvushwa kwa boti hadi kisiwa cha makaburi cha San Michele. Venice imebaki na mifereji yake. Zanzibar ilifukia mkono wake wa bahari. Hata hivyo miji hii miwili ni ndugu wa karibu. Yote ilitajirika kwa biashara ya baharini, yote ina vichochoro visivyopitika kwa gari, na yote imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Venice tangu 1987 na Mji Mkongwe tangu 2000. Kwa marafiki wawili wa Nanyala wanaotamani kuona mji wa bahari mwishoni mwa juma, huu wa Unguja hauhitaji viza wala pasipoti. Kitambulisho cha taifa kinatosha.

Nanyala ni kata ya Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Kutoka huko hadi Dar es Salaam kwa basi ni zaidi ya kilomita 800, safari inayomaliza siku nzima au usiku mzima, na kwa hiyo haifai kwa mwenye siku mbili tu. Njia inayowezekana ni uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012. Uwanja huo uko upande wa Mbeya japo una jina la mkoa wa jirani, na kutoka Nanyala si mbali. Ndege ya Ijumaa huwafikisha wasafiri Dar, wakalala, na asubuhi ya Jumamosi wakapanda boti iendayo Unguja. Boti ziendazo kasi hutumia kama saa mbili kufika bandari ya Malindi. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Septemba, bahari huchafuka, na mtu wa nyanda za juu ambaye hajazoea mawimbi afadhali akae sehemu ya chini, katikati ya chombo, na asipande akiwa na njaa wala akiwa ameshiba sana.

Kitu cha kwanza ambacho macho ya mtu wa Songwe yanapaswa kukitafuta ni ukuta. Ukanda wa Songwe ni nchi ya mawe ya chokaa: ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji cha Mbeya, na ndiyo yanayochomwa kupata chokaa ya kupaka nyumba. Mji Mkongwe nao umejengwa kwa jiwe la jamii hiyo hiyo, isipokuwa lake limetoka baharini. Ni jiwe la matumbawe, mabaki ya viumbe wa baharini yaliyogandamana kwa maelfu ya miaka. Mafundi waliyapanga mawe hayo kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo, na chokaa yenyewe waliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni. Dari zilishikwa na boriti za mikoko. Hizo ndizo zilizoamua upana wa chumba, kwa kuwa boriti moja haivuki zaidi ya kama mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri.

Ukuta wa namna hii una tabia yake. Unanyonya unyevu kutoka ardhini na mvuani, kisha unautoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Mwenye nyumba anapokwangua lipu hiyo na kupaka saruji, kwa kuona saruji ni imara zaidi, unyevu hukosa pa kutokea. Hubaki ndani, ukaufanya udongo wa katikati kuwa tope, ukaozesha vichwa vya boriti vilivyozamishwa ukutani. Nje nyumba huonekana mpya, ndani inaoza. Mgeni anaweza kuyaona haya kwa macho yake katika kichochoro chochote: lipu ya saruji iliyovimba na kubanduka vipande vikubwa, na nyuma yake jiwe lililolowa. Kwenye ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, rangi imechakaa lakini jiwe limekauka. Mafundi wa Venice walipambana na adui huyo huyo kwa njia nyingine: chini ya kuta zao za matofali walipanga mawe magumu ya Istria, ambayo hayapitishi maji kirahisi, ili chumvi isipande. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ndiyo yenye kazi ya kuhimiza matengenezo yanayofuata jadi hiyo ya chokaa. Ni kazi nzito katika mji ambao nyumba nyingi zina wapangaji wengi wa kipato kidogo, na inastahili kuungwa mkono kuliko inavyoungwa.

Hatari ya kuchelewa kukarabati ilionekana wazi tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Jumba hilo la ghorofa lililo mbele ya bahari lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, likawa la kwanza mjini kuwa na umeme na lifti. Barghash ndiye pia aliyevuta maji ya mfereji kutoka chemchemi ya Chemchem hadi mjini, na hamamu iliyojengwa wakati wake ingalipo katika mtaa wa Hamamni. Kando ya jumba hilo ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno. Majengo haya yote yako ndani ya dakika chache za mwendo wa miguu.

Kuanzia hapo ni vichochoro. Ramani haisaidii sana, na kupotea ni sehemu ya matembezi. Hapo ndipo faida ya kuwa wawili huonekana, mmoja akikumbuka mlango uliopitwa na mwenzake akikumbuka kona. Kila ukikata mtaa utakutana na baraza, kibao cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba. Wazee hukaa hapo jioni wakicheza bao au karata, na wakati wa mvua za masika, maji yanapogeuza kichochoro kuwa mto, wapita njia hutembea juu yake. Mgeni anapopita husalimu kwanza: "Shikamooni wazee" ndiyo ufunguo wa kuonyeshwa njia. Milango nayo husimulia mwenye nyumba: ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni wa mtindo wa Kiarabu, na ule wenye upinde wa duara ulitokana na jadi ya Kihindi.

Mkunazini hapafai kupitwa haraka. Hapo lilikuwa soko la watumwa hadi Juni 1873, lilipofungwa kwa mkataba ambao Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Uingereza. Wamisionari wa Kianglikana walianza kujenga kanisa kuu juu ya uwanja huo mwishoni mwa mwaka huo huo, na altare, kwa mapokeo ya kanisa lenyewe, imewekwa pale uliposimama mti wa kuchapia viboko. Nje kuna mnara wa kumbukumbu uliochongwa na Clara Sörnäs, raia wa Sweden: watu watano wa mawe wamesimama ndani ya shimo, shingo zao zimefungwa mnyororo halisi wa zama hizo. Anayeusogelea lazima ainamishe kichwa kuwatazama. Msafiri aliyetoka bara anasimama hapo akiwa na haki ya pekee, kwa sababu waliouzwa katika soko hili hawakuwa watu wa pwani kwa wingi wao. Walitembezwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na nchi zilizo kati yake, na ukanda wa Songwe umo katikati ya maziwa hayo mawili.

Jioni watu humiminika bustani ya Forodhani, kando ya bahari. Baada ya magharibi wauzaji huwasha taa na makaa. Kuna mishikaki, pweza, urojo mzito wa maembe na ndimu, na muwa unaokamuliwa kwa mashine pamoja na tangawizi. Bei huulizwa kabla ya kuagiza, si baada ya kula. Asubuhi ya Jumapili kahawa hunywewa Jaws Corner, eneo la Soko Muhogo, kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, bila sukari, na kashata pembeni. Mkulima wa Mbozi anayelima arabika na kuiuza ikiwa bado haijakaangwa atashangaa jinsi kikombe kidogo kiasi hicho kinavyoweza kukusanya mazungumzo ya saa nzima kuhusu siasa na mpira. Katika mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: mchana hakuna kula wala kunywa hadharani, nacho chakula cha usiku huwa kingi maradufu. Mavazi ya heshima, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa, yanatakiwa mwaka mzima.

Saa za Jumapili zilizobaki zinatosha kwenda kisiwa cha Changuu, ambacho wenye mashua za Forodhani hukifikia kwa chini ya saa moja. Wawili wakigawana nauli ya mashua, mzigo hupungua nusu. Kisiwa hicho kilijengewa gereza mwaka 1893, ila jengo likaishia kutumiwa kuwatenga wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Wakazi wake mashuhuri leo ni kobe wakubwa wa asili ya Ushelisheli, walioletwa mwaka 1919. Saa ya kuondoka hupangwa kwa kuangalia maji. Bahari ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kina hufika kama mita nne. Maji yakiwa yamekupwa mashua hukaa mbali na ufuko, na abiria hukunja suruali akatembea majini; yakijaa, hushukia mchangani.

Boti za alasiri hurudi Dar kabla ya giza au muda mfupi baadaye. Ndege ya Songwe hupatikana siku ya pili, hivyo Jumatatu asubuhi ihesabiwe ndani ya safari tangu siku ya kukata tiketi.