Jiwe Linameza Mathe Sababu ya Mayai ya Samaki: Hii Muvi ya 1959 Si ya Mchezo

Wasee wa Thika na Ruiru, leo tunachambua muvi ya kitambo sana. Haina rangi, haina bunduki, na adui ni jiwe tu. Inaitwa Batu Belah Batu Bertangkup, yaani jiwe linalopasuka na kujifunga. Jamil Sulong ndiye aliielekeza, na ilitoka 1959 kwa studio ya Malay Film Productions kule Singapore. Lakini stori yenyewe studio haikubuni. Wamalei wamekuwa wakisimuliana tangu enzi za mababu.

Iko hivi. Mathe mmoja mjane anahaso kulisha watoto wawili, msichana na ndugu yake mdogo. Siku moja anapata samaki anaitwa tembakul, na ndani kuna mayai. Anayatamani vibaya. Anaambia msichana ayapike na amwekee yake, kisha anatoka. Kale kaboy kanamaliza fungu lake, kanalia kanataka ingine, mpaka dadake anakapea ya mathe. Mathe akirudi, sufuria ni tupu. Anavunjika moyo, anaenda hadi kwa jiwe linalomeza watu, na anaingia. Watoto wanamkimbilia, lakini wamechelewa.

Najua unauliza: kwani mtu anakufa sababu ya mayai? Hapo ndipo wengi wanakosa pointi. Wamalei wana neno, kempunan. Ni ile imani kwamba ukitamani chakula na usikionje, mkosi unakuandama. Na juu ya hiyo, huyu mama alikuwa anapeana kila kitu kila siku. Kitu kimoja tu alijiombea, na kikaliwa. Uliza rafiki yako Mluhya nini hutokea ukikula firigisi ya mzee. Ile noma huwa haihusu nyama, inahusu heshima.

Sasa rudi hapa Kiambu. Wakikuyu wana hadithi ya Wanjiru, ambayo iliingia kwa kitabu cha Routledge na mkewe mwaka 1910. Mvua imekataa miaka mitatu, na inaamuliwa Wanjiru ndiye atailipia. Watu wanaleta mbuzi. Wanjiru anazama kwa udongo polepole: magoti, kiuno, shingo. Familia yake iko hapo hapo, na kila mmoja akitaka kumvuta, anapewa mbuzi na kunyamaza. Mvua inanyesha, Wanjiru anapotea. Baadaye kijana aliyempenda anamfuata huko chini na kumrudisha.

Umeona? Huko ni jiwe, hapa ni udongo, lakini swali ni moja: nani kwa hii nyumba anatoa kila kitu na hakuna mtu anamwona? Tofauti ni kwamba Wanjiru alipata mtu wa kumfuata na kumrudisha. Yule mathe, watoto walifika jiwe likishajifunga.

Wamalei waliweka yao kwa filamu. Shosho wako wa Gatundu ama Kandara ana toleo lake la Wanjiru, na pengine liko kwa kichwa chake pekee. Ukimtembelea, mwambie akusimulie na urekodi na simu. Halafu ukifika home upate mathe ameweka sahani yake kando, tafadhali, usiguse.