Maziwa yakimkataa mtoto, sambaza wapo

Mama anapokuja na mtoto wa mwaka mmoja na nusu akisema "maziwa hayamkubali", mara nyingi huwa amekwisha kufanya mambo mawili. Ameacha kumpa maziwa ya ng'ombe, na ameongeza maji kwenye uji ili tumbo lipumzike. La kwanza huenda ni sahihi. La pili ndilo linalonitia hofu, kwa sababu hapa Kivu Kusini tunajua linakoishia: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, mtoto ananuna na hataki kula. Hiyo ndiyo bwaki, maradhi yaliyoisumbua nchi yetu kiasi kwamba Bukavu kuna shirika lililojiita kwa jina la adui wake, Comité Anti-Bwaki.

Wala si mkasa wa maskini peke yao. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, waliandika habari za mtoto aliyepata ugonjwa huohuo nyumbani kwa wazazi wasiokosa chakula. Walikuwa wakimpa kinywaji cha mchele kilichoitwa maziwa. Kilikuwa cheupe, na protini yake ilikuwa karibu na sifuri.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza utampa nini, tujue maziwa yamemkosea nini. Makosa yenyewe ni mawili, na watu huyachanganya kila siku.

La kwanza linatoka kwenye sukari ya maziwa, laktosi. Utumbo huivunja kwa kimeng'enya kinachokaa kwenye ncha za vinyweleo vya ukuta wake. Mtoto akiharisha sana, ncha hizo ndizo hukwanguliwa kwanza. Laktosi isiyovunjwa inashuka chini, bakteria wanaila, gesi inajaa, kinyesi kinatoka majimaji chenye uchachu na makalio yanababuka. Hali hiyo ni ya muda: utumbo ukipona, kwa kawaida baada ya wiki chache, maziwa yanarudi mezani. Ipo pia ile ya kurithi, ambayo kimeng'enya hupungua kadiri mtu anavyokua. Ndiyo kawaida ya binadamu wengi duniani, na mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wa Kenya, Tanzania na Sudan wanaoyamudu maziwa hadi ukubwani wana mabadiliko ya kinasaba yao wenyewe, tofauti na ya Wazungu. Lakini mtoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kuwa amefika huko. Ukiona maziwa yamemgeuka wiki iliyofuata kuhara, shuku kuhara.

Jambo moja hapa halina mjadala: usimwachishe ziwa. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, karibu gramu 7 kwa mililita 100 dhidi ya pungufu ya 5, na bado mtoto anayeharisha anaendelea kunyonya na kupona. Jirani atakayekwambia maziwa yako ndiyo mabaya, mwitikie kwa heshima kisha uendelee kunyonyesha.

Kosa la pili ni mzio wa protini ya maziwa. Hapo kinga ya mwili inaiona protini ya ng'ombe kama mvamizi. Mtoto anatoka vipele vinavyowasha, midomo inavimba, anatapika ndani ya muda mfupi, au kinyesi chake kinakuwa na damu na kamasi siku kadhaa mfululizo. Akianza kukoroma kifua au kupumua kwa shida baada ya kunywa maziwa, hilo si la kujaribu tena nyumbani hata kijiko kimoja. Ni safari ya hospitali, saa hiyohiyo.

Kutenganisha haya mawili kuna faida kubwa jikoni. Mwenye tatizo la sukari anaweza kumudu maziwa yaliyoganda kidogokidogo, na hata mashanza ya Bushi, yaani maziwa yaliyogandishwa na kuchujwa maji, kwa kuwa chachu imekula sehemu ya laktosi na nyingine imeondoka na maji yake. Mwenye mzio hawezi. Kuchemsha hakumsaidii kiasi cha kutumainiwa, kugandisha hakumsaidii. Na maziwa ya mbuzi, ambayo kila bibi wa Walungu atakushauri kwa nia njema, hayamsaidii pia: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wenye mzio wa ng'ombe huudhiwa na mbuzi vilevile. Mama anayemnyonyesha mtoto wa namna hiyo huenda akashauriwa aache maziwa yeye mwenyewe kwa wiki mbili hadi nne, ili ionekane kama kuna nafuu. Afanye hivyo akiwa na daktari, naye ale vizuri.

Dukani, soma mfuko. Unga wa bei nafuu unaopimwa kwa kijiko mara nyingi ni maziwa yaliyoondolewa mafuta yake na kutiwa mafuta ya mimea. Protini ya ng'ombe imo ndani yote. Maneno ya kutafuta kwenye biskuti na majarini ni "lait", "lactosérum" na "caséine".

Sasa chungu. Vikombe viwili vya maziwa, yaani nusu lita, vilikuwa vinampa mtoto takriban gramu 16 za protini, ambayo peke yake inazidi mahitaji yake ya siku, pamoja na miligramu 600 za kalsiamu na nguvu ya kilokalori 300 na zaidi. Kuviondoa kunaacha shimo, na shimo hilo halizibwi kwa uji wa mahindi mtupu wala kwa chai.

Ziwa letu linalo jibu. Sambaza, wale samaki wadogo, hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sijui mgeni mwingine aliyetufaa hivyo. Uzito kwa uzito, samaki mdogo mkavu anayeliwa na mifupa yake ana kalsiamu mara kadhaa kuliko maziwa, na protini yake ni ya daraja lilelile. Nunua waliokauka sawasawa pale Kadutu au Nyawera, uwaoshe mchanga, uwakaange bila mafuta hadi wavunjike vidoleni, uwatwange na vichwa vyao, kisha uchekeche. Kijiko cha unga huo kinaingia kwenye uji, kwenye maharage yaliyopondwa, kwenye sombe. Harufu inawashinda baadhi ya watoto siku za mwanzo. Anza na nusu kijiko, na usiongeze chumvi. Ukiwanunua wabichi, wakaange hadi mifupa ilike.

Yai moja lina gramu 6 za protini. Nalijua pia la mezani kwetu, kwamba yai na samaki hufika kwa baba kwanza, na mchuzi ndio humfikia mtoto. Mchuzi una ladha ya samaki, basi.

Masoso, ule unga wa mahindi, soya na mtama, ni msingi mzuri wa uji, mradi soya ikaangwe kabla ya kusagwa, maana mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe. Maziwa ya soya ya nyumbani nayo yachemshwe vizuri, na ujue hayana kalsiamu ya maana. Tena baadhi ya wenye mzio wa ng'ombe wanaudhiwa na soya pia, kwa hiyo ianzishwe peke yake, uone. Uji uwe mzito, usidondoke kwenye kijiko. Tumbo la mtoto ni dogo, kwa hiyo nguvu itoke kwenye mafuta: kijiko kikubwa cha mawese kina kilokalori zipatazo 120, na wekundu wake mwili huugeuza kuwa vitamini A. Avokado inafanya kazi hiyohiyo, na karanga iliyosagwa laini pia. Milo mitatu au minne kwa siku, na kitu katikati.

Mboga za majani zisaidie tu. Lengalenga ina kalsiamu nyingi kwenye jedwali la vyakula, lakini sehemu kubwa imefungwa na oksalati na inapita bila kutumika.

Limebaki jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto akikonda hadi kupelekwa kwenye kitengo cha lishe, UNTI ya wanaolazwa au UNTA ya wanaotibiwa wakitokea nyumbani, dawa ya kwanza atakayopewa ni maziwa: F-75, kisha F-100, au pakiti ya Plumpy'Nut ambayo ndani yake mna unga wa maziwa pamoja na karanga. Watoto wengi waliokonda huvumilia, hata wale ambao nyumbani waliharishwa na maziwa, kwa sababu F-75 ina laktosi kidogo na hutolewa kwa kipimo. Usimkatalie muuguzi. Lakini kama umewahi kuona vipele, uvimbe au kifua kubana, mwambie kabla pakiti haijafunguliwa.

Pakiti bila maziwa imewahi kujaribiwa hapahapa, katika eneo la afya la Miti-Murhesa, kaskazini mwa Bukavu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Ilitengenezwa kwa soya, mahindi na mtama. Kwa watoto wa miezi 24 na zaidi ilifaa sawa na ile ya kawaida. Kwa wadogo zaidi haikuifikia. Ndiyo sababu nang'ang'ania sambaza na yai kwa mtoto wa umri huo, wala simwachii soya peke yake.

Mzio wenyewe huwaacha watoto wengi kabla hawajaanza shule. Kila miezi 6 hadi 12 rudi kwa daktari muulizane kama wakati wa kujaribu umefika. Ukiruhusiwa kujaribu nyumbani, iwe asubuhi, siku ya kazi, kituo cha afya kikiwa wazi, mtoto akiwa hana mafua wala kuhara.